Kuifanya okestra ya kompyuta ipumue: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ukisikiliza muziki wa okestra uliotengenezwa kwenye kompyuta ukauchoka baada ya nusu dakika, mara nyingi kinachokuchosha ni nota zilizosimama. Nota inaanza kwa nguvu fulani, inakaa palepale, inakatika. Inayofuata nayo hivyohivyo. Mpiga fidla wa kweli hawezi kupiga namna hiyo hata akitaka: upinde wake una mwanzo na mwisho, uzito wa mkono wake hubadilika, na kila nota anayoishika hukua au hupungua ikielekea mahali. Mwongozo huu unashughulikia hilo kuliko kitu kingine chochote: namna ya kuifanya nota ndefu itembee.

Badala ya kuzungumza hewani, tutajenga kazi moja halisi, "Kifo cha Åse" cha mtunzi wa Norwei Edvard Grieg. Aliiandika kwa ajili ya Peer Gynt, tamthilia ya Henrik Ibsen, iliyochezwa na muziki wake kwa mara ya kwanza mjini Christiania, Oslo ya leo, Februari 1876. Baadaye akaiingiza katika mfululizo wa kwanza wa okestra, opus 46. Peer amekaa kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho, anamsimulia safari ya kuwaza tu, kana kwamba yeye ndiye mwendesha farasi anayempeleka kwenye karamu kubwa, huku uhai wa mama unazimika. Ukilijua hilo, utajua pa kuweka nguvu na pa kuiondoa.

Nimeichagua kwa sababu haina mahali pa kujificha. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna nota za mbio. Ni jamii ya fidla peke yake (fidla, viola, chelo na dabo besi, kuanzia ndogo ya sauti ya juu hadi kubwa ya sauti ya chini), zimevikwa sordino, kile kibanio kidogo kinachowekwa kwenye daraja la nyuzi ili kuilainisha sauti. Mwendo ni Andante doloroso, yaani wa taratibu na wenye huzuni, karibu mapigo 50 kwa dakika, na kazi nzima ni ya dakika nne hadi tano. Kirai kilekile, yaani sentensi moja ya muziki, kinaanza chini katika B maina, kinapanda hatua ya tano juu, kinarudi tena juu zaidi kwa nguvu zote, halafu nusu ya pili yote inashuka nusutoni kwa nusutoni mpaka inapotea. Ukiweza kuifanya hii isikike kama watu, sehemu kubwa ya yaliyobaki utaiweza.

Grieg alifariki 1907, kwa hiyo nota zake hazina mwenye hakimiliki tena. Zipo bure kwenye maktaba ya nota ya IMSLP. Rekodi za okestra za leo ni jambo jingine, hizo zina wenyewe. Zisikilize ujifunze, lakini usichukue kipande chake ukakiweka kwenye kazi yako.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa, na usinunue kitu bado

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Programu ya kurekodia inaweza kuwa Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu kikamilifu kwa siku 60, au Ardour, au yoyote uliyoizoea. Kazi tunayoifanya hapa inawezekana katika zote.

Kwa sauti zenyewe, anza na BBC Symphony Orchestra Discover ya kampuni ya Spitfire Audio. Ilirekodiwa na okestra ya BBC katika studio za Maida Vale, London, na toleo hili dogo linachukua takriban MB 200 tu, ukubwa ambao hata mtu anayetumia bando la simu anaumudu. Jamii ya fidla humo ina namna nne za kupiga: nota ndefu, nota fupi za kurusha upinde, kudonoa kwa kidole, na kutetemesha upinde. Ukitaka kitu huru zaidi kuna VSCO 2 Community Edition na Sonatina Symphonic Orchestra, zote bure, na unaweza kuzifungua kwa kutumia sforzando, kichezaji cha bure cha faili za sauti za aina ya SFZ.

Kinanda cha MIDI, yaani kile kinachotuma maagizo ya nota kwenye kompyuta, kiwe na gurudumu la modulesheni, lile la upande wa kushoto. Hicho ndicho kifaa cha lazima kuliko vyote. Ukiongeza na kitelezi kimoja au viwili, umekamilika. Idadi ya vitufe haina uzito mkubwa maana tutapiga sauti moja kwa wakati.

Na hedifoni. Spika za kompyuta mpakato hazitakuonesha dabo besi hata kidogo, na bila dabo besi hujui unachokijenga.

Hatua ya 2: Zijue sampuli zako kabla ya kuzituma kazi

Sampuli ni rekodi ya nota moja iliyopigwa na watu wa kweli ukumbini. Maktaba nzuri, yaani mkusanyo wa sampuli kama Discover, hurekodi nota hiyohiyo mara kadhaa: kwa upole, kwa nguvu ya kati, kwa nguvu kubwa. Lugha ya MIDI, iliyotangazwa 1983 na inayotumika mpaka leo, inatuma maagizo kwa namba za 0 hadi 127. Kwa nota ndefu za jamii ya fidla, maagizo matatu ndiyo yanayobeba uhai.

Kidhibiti namba 1, yaani gurudumu la modulesheni, kwa kawaida kinachanganya rekodi ya upole na rekodi ya nguvu. Kwa hiyo kinabadilisha ukubwa wa sauti na rangi yake pia: chini sauti ni laini, juu inakuwa na ukali wa upinde unaokandamiza uzi. Kidhibiti namba 11 kinapandisha na kushusha ukubwa tu, rangi inabaki vilevile. Kidhibiti namba 7 ni sauti ya chombo kizima. Kipange mara moja mwanzoni kisha kiache.

Fanya jaribio hili kwa kila chombo. Shika nota moja ya katikati, sukuma gurudumu polepole kutoka 0 mpaka 127, halafu rudi. Sikiliza rangi inabadilika wapi. Maktaba nyingi zina mahali ambapo sauti inaruka ghafla kutoka rekodi moja kwenda nyingine, labda karibu na 50 kwa fidla za kwanza, karibu na 65 kwa chelo. Andika namba hizo. Baadaye utajua kwamba ukitaka nota itulie, usiiache ikae kwenye mpaka huo. Ipitishe haraka au ibaki upande mmoja.

Angalia pia kama maktaba yako ina vitufe vya chini kabisa vinavyobadilisha namna ya kupiga. Ukiingiza nota za dabo besi bila kujua hilo, unaweza kukuta chombo kimeanza kudonoa katikati ya wimbo.

Hatua ya 3: Imba kila sauti

Watu wengi wanairuka hatua hii, na matokeo yake yanasikika.

Chapisha nota, au zifungue kwenye skrini kubwa, uchukue penseli. Imba melodi ya fidla za kwanza kwa "la". Kila mahali unapolazimika kuvuta pumzi, weka alama ya mkato. Kila mahali sauti yako inapotaka kukua yenyewe, weka mstari mdogo. Kisha imba chelo, imba viola, hata kama itabidi upandishe au ushushe oktava. Kama umewahi kuimba katika kwaya ya sauti nne unaijua kazi hii: besi ana sababu zake za kukua ambazo si za soprano.

Wanaosoma sol-fa zaidi kuliko nota za mistari wasikate tamaa, lakini kuna mambo mawili ya kuyashika. Viola huandikwa kwenye ufunguo wa alto, ambao mstari wake wa katikati ni C ya kati. Ukiusoma kama ufunguo wa G, ule wa fidla, kila kitu kitakuwa karibu oktava nzima juu ya mahali pake. Na dabo besi husikika oktava moja chini ya ilivyoandikwa. Unapoingiza kwenye kompyuta, ingiza sauti inayosikika. Ukisahau, besi watakuwa wamekalia viti vya chelo, na msingi wa muziki utatoweka bila wewe kuelewa kwa nini.

Hatua ya 4: Tafuta mwendo kabla ya kurekodi

Mwendo wa metronomu usiobadilika unaua kazi ya namna hii haraka kuliko sampuli mbaya. Lakini bila gridi yoyote, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, kuhariri kunakuwa mateso. Suluhisho ni kuchora mwendo.

Weka 50 kama kituo. Kisha piga melodi kwa sauti ya piano, au iimbe ukijirekodi, bila metronomu, mara kadhaa, mpaka upate toleo unaloliamini. Sikiliza uone ulikawia wapi. Sasa chora hayo kwenye mstari wa mwendo wa programu: 48 mwanzoni, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, 52 au 53 kirai kinapopanda, kurudi 47 mwisho wa kirai, kidogo zaidi ya 54 kuelekea kilele. Katika nusu ya pili inayoshuka, usikawie mapema. Waache washuke kwa mwendo uleule wa uvumilivu, halafu vipimo vya mwisho ndivyo vishuke mpaka 42, 40, hata chini ya hapo.

Mabadiliko yawe madogo na mengi kuliko makubwa na machache. Msikilizaji asijue kwamba mwendo umebadilika. Ahisi tu kwamba kuna anayeuongoza.

Hatua ya 5: Ingiza sauti moja moja

Fungua nyimbo tano, yaani mistari mitano ya kurekodia kwenye programu: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo, dabo besi. Usipige sauti zote kwa mikono miwili kwenye chombo kimoja cha "fidla zote". Okestra kubwa huwa na fidla za kwanza kama 16. Ukipiga nota nne kwa pamoja kwenye chombo hicho, umewaita wapigaji 64, na sauti inakuwa nzito na yenye ukungu. Ukikuta mtunzi ameigawa sauti moja mara mbili, basi punguza kidhibiti namba 7 cha wimbo huo kidogo katika sehemu hiyo.

Anza na fidla za kwanza, maana wao ndio wenye melodi na ndio wanaoamua nani ategemee nani. Mkono wa kulia upige, wa kushoto uwe kwenye gurudumu tangu nota ya kwanza, hata kama harakati zako bado si nzuri. Nota iliyorekodiwa pamoja na harakati za mkono ina ushawishi ambao panya wa kompyuta anaupata kwa shida sana. Kisha chelo, kisha besi, kisha viola na fidla za pili.

Wakati wa kurekodi viola, sikiliza fidla za kwanza zikicheza na wewe, metronomu ikiwa imezimwa. Utaanza kuwafuata wao, na ndivyo wapigaji wa kweli wanavyofanya.

Usizinyooshe nota zote kwenye gridi. Nota iliyotoka nje kiasi cha kusikika kama kosa irekebishe kwa mkono, nyingine ziache. Kama huwezi kupiga kinanda kabisa, ingiza kwa panya, lakini baadaye sogeza kila sauti mbele au nyuma kwa milisekunde 10 hadi 25 bila mpangilio maalumu, ili watu watano wasianze kwa sekunde ileile kama mashine.

Hatua ya 6: Chora pumzi kwa kidhibiti namba 1

Hapa ndipo kazi ilipo. Tenga muda mrefu kwa hatua hii kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Kwanza panga safari nzima kabla ya kugusa nota moja. Muziki unaanza kwa upole, unakwenda hadi fortissimo, yaani nguvu kubwa sana, unaishia kwenye kimya. Una namba za 0 hadi 127 za kugawana. Kirai cha kwanza kiishi kati ya 30 na 48. Cha pili, kilichopanda hatua ya tano, kati ya 45 na 70. Cha tatu kifike 110, na mahali pamoja tu, nota ya kilele, paguse 118. Kisha nusu ya pili ianze 60 ishuke hadi 15. Kosa linaloharibu kazi nyingi za namna hii ni kufika 100 mapema mno. Kilele kinapokuja hakina pa kwenda, na msikilizaji anasikia muziki mkubwa wote, kwa hiyo hasikii ukubwa wowote.

Pili, ndani ya safari hiyo, kila kirai kina kilele chake kidogo. Chukua alama za penseli ulizoweka ulipoimba. Kilele cha kirai mara nyingi kipo karibu na nota ya juu kabisa, lakini nguvu huanza kukua kabla ya nota hiyo kufika. Mpiga fidla anaiona nota ijayo, anaongeza uzito wa upinde akiwa bado kwenye nota ya sasa. Kwa hiyo mstari wako uanze kupanda katikati ya nota iliyotangulia, ufike juu nota mpya inapoanza au muda mfupi sana baada yake, kisha uanze kushuka taratibu. Ukiupandisha mstari kwa ngazi, ngazi moja kwa kila nota mpya, utasikia kinanda cha kanisa kinachoongezwa sauti kwa kitufe.

Tatu, acha mistari iliyonyooka. Kukua kwa nguvu kunakopendeza sikioni huenda polepole mwanzoni, kisha kwa kasi karibu na mwisho. Kupungua ni kinyume chake: kushuka kidogo haraka, kisha kukawia. Programu nyingi zinakuruhusu kuupinda mstari kati ya nukta mbili. Lakini ni afadhali kurekodi harakati upya kwa mkono ukiwa umefumba macho, mara nyingi kadri itakavyohitajika, kuliko kunyofoa nukta mia moja kwa panya.

Nne, usinakili mstari wa fidla za kwanza ukaubandika kwa wengine wanne. Vishawishi vipo, maana ni rahisi na unaonekana nadhifu. Matokeo yake ni okestra inayovimba na kunywea yote kwa pamoja. Chelo waanze kukua mapema kidogo kuliko melodi, kwa sababu wao ndio wanaosukuma kutoka chini. Viola wakikaa kwenye nota moja ndefu huku wengine wakisogea, wape wimbi dogo la peke yao, labda kutoka 40 hadi 47 na kurudi. Dabo besi wasogee kidogo kuliko wote; msingi ukitikisika sana, nyumba nzima inayumba.

Tano, maliza kila kirai kwa pumzi. Mkato ulioweka kwa penseli uwe kimya halisi: fupisha nota ya mwisho kwa milisekunde 150 hadi 250 na ushushe gurudumu kabla haijakatika, mwangwi wa ukumbi ubebe kilichobaki. Si wote watano lazima wavute pumzi pamoja. Mara nyingine besi wanaendelea kushika huku fidla zikipumua, na hilo linamfanya msikilizaji asubiri.

Njia nzuri ya kujifunza yote haya ni kumtazama mtu anayepiga. Anayeishi Unguja ana bahati: wapiga fidla wa taarabu wapo, na ukikaa karibu na mmoja wao wakati wa mazoezi utaona jinsi upinde unavyogeuka, jinsi unavyokwenda kasi nota inapokua, jinsi unavyosogea karibu na daraja kwa nguvu na mbali kwa ulaini. Mtindo wao ni mwingine, lakini mkono ni mkono. Saa moja ya kutazama hivyo itaubadilisha mstari unaouchora.

Hatua ya 7: Kidhibiti namba 11 kwa yale ambayo namba 1 haiwezi

Ukishusha gurudumu hadi 0, fidla bado zinasikika. Sababu ni kwamba rekodi ya upole kabisa nayo ilipigwa na watu, ina ukubwa wake, na maktaba nyingi haziishushi zaidi ya hapo. Mwisho wa "Kifo cha Åse" unataka sauti iishe kabisa, na hapo ndipo namba 11 inapohitajika. Kwa sehemu kubwa ya kazi iache kati ya 90 na 110. Katika vipimo vya mwisho, gurudumu likiwa tayari kwenye 15, shusha namba 11 kutoka 100 hadi 0 kwa mkunjo mrefu. Rangi inabaki laini, ukubwa unakwenda.

Itumie pia pale rangi ya gurudumu inapokuwa sahihi lakini sauti ni kubwa au ndogo mno. Kwa mfano, kwenye kilele unaweza kutaka ukali wa 115 kwa fidla za pili, lakini zisiwafunike za kwanza: shusha namba 11 yao hadi 85.

Hatua ya 8: Unganisha nota

Maktaba za bei kubwa zina legato ya kweli: zilirekodi hata mpito wenyewe kutoka nota moja kwenda nyingine. Kama yako inayo, nota zipishane kidogo ili programu ijue unataka mpito, na kumbuka kwamba mpito huo huchukua muda, hivyo nota husikika imechelewa. Isogeze ianze mapema zaidi.

Kama haina, fanya hivi. Nota zipishane kidogo sana, milisekunde 30 hadi 60. Mahali pa kuungana, shusha namba 11 kwa alama nane au kumi kisha irudishe mara moja. Bonde hilo dogo linaficha mwanzo wa nota mpya. Usilifanye kila mahali. Nota inayorudiwa kwa sauti ileile inahitaji mwanzo wake usikike, maana pale upinde unageuka kweli.

Kuhusu kuchelewa: nota ndefu za sampuli huanza polepole hata bila legato, na dabo besi huchelewa kuliko wote. Jaribu kwa kuweka nota ya kudonoa mahali palepale na nota ndefu. Kudonoa hakucheleweshi, hivyo utasikia tofauti wazi. Usogeze wimbo mzima wa nota ndefu uanze mapema, kwa milisekunde 50 hadi 100, mpaka viwili vikae pamoja. Kisha ondoa ile nota ya kudonoa.

Hatua ya 9: Vivike sordino

Kama maktaba ina sampuli zilizorekodiwa na sordino, zitumie na uende hatua inayofuata. Kama haina, unaweza kuikaribia. Sordino hupunguza milio ya juu ya chombo, kwa hiyo shusha kwa upole masafa ya kuanzia takriban 3,000 Hz kwenda juu, kwa desibeli 3 au 4, na usipite hapo. Ukikata sana, unapata fidla zilizofunikwa blanketi. Kwenye kilele punguza mkato huo hadi desibeli 2, kwa sababu hata fidla iliyovikwa sordino ikikandamizwa hutoa ukali fulani, na Grieg aliutaka ukali huo.

Hatua ya 10: Ukumbi na mizani

Maktaba nyingi za okestra, Discover ikiwamo, zilirekodiwa wapigaji wakiwa kwenye viti vyao, hivyo fidla za kwanza tayari ziko kushoto na besi kulia. Usizisogeze tena. Kama umechanganya maktaba mbili, moja kavu na moja yenye ukumbi, ile kavu ipangie nafasi na uzitume zote kwenye mwangwi mmoja wa sekunde mbili hivi. Mwangwi ni gundi; ukiuzidisha, pumzi zote ulizozichora zinajaa maji.

Mizani ianzie kwenye chelo na besi. Zikisimama vizuri, ongeza melodi juu yake, kisha jaza katikati mpaka uhisi joto bila kuweza kutaja linatoka wapi. Kilele cha jumla kisizidi desibeli 6 chini ya kiwango cha juu wakati unafanya kazi. Mwishoni pandisha yote kwa pamoja hadi desibeli 1 chini yake.

Usiweke kompresa, kile kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwenye wimbo mzima. Umetumia siku kujenga umbali kati ya 15 na 118. Kompresa inaula umbali huo. Najua kwamba wengi watakaokusikiliza watasikia kwa simu, kupitia WhatsApp, ndani ya daladala au matatu, na mwisho wa kimya hautasikika kabisa. Kwa ajili yao tengeneza toleo la pili: pandisha sehemu za chini kwa desibeli 4 au 5 kwa kuchora mstari wa sauti kwa mkono, na ongeza kidogo masafa ya 150 hadi 300 Hz kwenye chelo ili msingi usikike kwenye spika ndogo. Toleo la kwanza lihifadhi kama lilivyo.

Hatua ya 11: Ukaguzi

Sikiliza kila sauti peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Viola peke yao wanapaswa kuwa wimbo unaoweza kuimbwa, hata kama ni wa kuchosha. Ukikuta kipande ambacho nota inakaa zaidi ya mapigo mawili bila gurudumu kusogea, rudi ukisogeze. Kisha zima fidla za kwanza usikilize wanne waliobaki: kama bado unahisi muziki unakwenda mahali, umefanya kazi nzuri.

Lala, kisha sikiliza asubuhi bila kutazama skrini. Macho yakiuona mstari unaopanda, masikio yanaamini kwamba yamesikia kukua kwa nguvu hata kama hakukuwapo.

Ukitaka kuendelea na filimbi, obo na pembe

Mbinu hizihizi zinafanya kazi, kwa tofauti chache. Chombo kinachopigwa na mtu mmoja hakivumilii kukaa kati ya rekodi mbili za nguvu: utasikia filimbi mbili badala ya moja. Kwa hiyo pitisha gurudumu haraka kwenye mpaka ule uliouandika katika hatua ya 2. Mpuliza obo lazima avute pumzi, na ukimwandikia nota ndefu zisizo na nafasi, msikilizaji atabanwa kifua bila kujua sababu. Wanaofanya kazi nyingi za ala za kupuliza hununua kifaa cha kupulizia kinachotuma kidhibiti namba 2, na pumzi yao wenyewe ndiyo inayochora mstari. Kwa pembe na tarumbeta, rangi hubadilika sana kati ya 80 na 127, kutoka sauti ya mviringo hadi shaba inayowaka. Zishikilie chini ya 80 mpaka siku mtunzi anapoziita kwa nguvu.